Karani Aliyefumba Macho

Saa kumi na mbili asubuhi, moshi wa mandazi ukiwa ndio kwanza unapanda juu ya mabati ya mtaa wa Kianda, Nairobi, Sella Khamala anatoka nyumbani kwake kinyumenyume. Amekumbatia boksi la friji. Boksi limemshinda kimo na upana, na ukimtazama kutoka mbali utadhani ni boksi lililoota miguu na kuvaa viatu vya raba.

“Angalia kamba ya nguo!” anamwita mumewe, Maurice, mswaki ukiwa bado mdomoni. “Ukilipasua hilo, leo usirudi.”

“Likipasuka utalichomelea. Si wewe ndiye fundi?”

“Jameni, majirani, mnaona? Mke wangu ameolewa na boksi.”

Majirani wanacheka. Mama anayekaanga mandazi anamfungia mawili kwenye karatasi na kumtilia mfukoni mwa aproni, maana mikono ya Sella haina nafasi. “Leo ni wapi, Mama Kura?”

“Makina.”

“Haya, wasalimie wachumba!”

Wachumba hao tutawafikia. Kwanza boksi.

Ni boksi la kawaida, la aina ambayo wenye maduka huitupa nje friji ikishauzwa. Maurice, ambaye ni fundi wa kuchomelea vyuma, alilikata mlango upande mmoja na kuweka kibao cha kuandikia ndani. Sella akashona pazia la leso. Kalamu imefungwa kwa uzi ili isije ikaenda nyumbani na mtu. Ndani yake kuna ndoo ya plastiki yenye mfuniko uliotobolewa, na ndoo hiyo ndiyo sanduku la kura.

Kwa miaka minne sasa Sella amezunguka na kituo chake hicho kutoka Kianda hadi mtaa wa Raila, kutoka Makina hadi vichochoro vya Kawangware. Anawafundisha watu jambo ambalo wengi hudhani wanalijua tayari: namna ya kupiga kura ikahesabika.

Ana umri wa miaka arobaini na saba. Siku za wiki ni fundi wa cherehani, na sare nyingi za shule unazoziona zikikimbia Kianda asubuhi zimepita mikononi mwake. Siku nzuri humwachia shilingi mia sita. Kodi ya chumba ni elfu tatu na mia tano kwa mwezi. Jumamosi za mafunzo, shirika moja la kijamii humpa posho ya shilingi elfu moja pesa zikiwepo. Zisipokuwepo, anaenda vilevile.

“Watu huniuliza, Sella, unakula nini huko kwa kura?” anasema. “Nawaambia kuna kazi ya tumbo na kuna kazi ya moyo. Mungu akikupa zote mbili, utamdai nini tena?”

Kazi hii ya moyo ilianza kwa aibu kidogo.

Sella alizaliwa Bungoma na kujiandikisha kuwa mpiga kura huko huko. Uchaguzi wa kwanza uliomkuta Nairobi, alivaa nguo yake ya kanisani, akapanga foleni tangu alfajiri. Alipofika mezani, jina lake halikuwepo. Lilikuwa limebaki Bungoma. Hakujua kwamba mpiga kura akihama anaweza kuomba usajili wake uhamishwe, wala kwamba ombi hilo hufanywa mapema, si siku ya kura.

“Karani alikuwa mpole. Alinieleza vizuri kabisa,” anakumbuka. “Lakini nilirudi nyumbani na nguo yangu ya kanisani kama mtu aliyekosa harusi. Nikasema, Bwana, kumbe mtu anaweza kuikosa haki yake kwa kukosa habari tu? Hakuna adui aliyenizuia. Ni habari tu sikuwa nayo.”

Siku hiyo aliweka nadhiri mbili. Ya kwanza, asiruhusu jirani yake yeyote arudi nyumbani hivyo. Ya pili, siku moja na yeye aketi nyuma ya meza ile, awe yeye karani anayewaeleza watu kwa upole.

Kulikuwa na kikwazo. Alikuwa ameacha shule darasa la saba, na kazi ya karani wa uchaguzi ilitaka cheti cha kidato cha nne. Basi akajiandikisha kwa masomo ya jioni katika shule moja karibu na mtaa wa Olympic. Alikuwa akifunga cherehani, ananawa uso, anapiga magoti kando ya kitanda kwa sala fupi, kisha anaondoka na vitabu ndani ya mfuko wa sukuma wiki.

“Nilikuwa nakaa dawati moja na kijana anaitwa Austin, mtoto wa kunizaa kabisa,” anasema akicheka. “Siku ya kwanza akaniambia, ‘Niaje, Shosho.’ Nikamwambia shosho ni nyanya yako, mimi ni mwanafunzi mwenzako. Siku ya mtihani wa Kiswahili huyo huyo ananong’ona, ‘Mathe, nisaidie namba nne.’ Nikamwambia muulize shosho.”

Alipata cheti chake akiwa na miaka arobaini na mitatu. Maurice alichinja kuku.

Huku akisubiri nafasi ya ukarani, akaanza na boksi.

Mafunzo ya kwanza aliyafanya Kawangware, upande wa Gatina. Kwa kuwa hakutaka mtu adhani anampigia debe mwanasiasa fulani, karatasi zake za mazoezi hazikuwa na picha ya binadamu. Wagombea walikuwa vyakula vinne: Mukimo, Muthokoi, Samaki na Chapati. Mtu angeingia ndani ya boksi, atie alama kwa chakula kimoja, akunje karatasi na kuitumbukiza ndooni.

Gatina iliwaka moto. Nduta, muuza mboga, alisimama juu ya kreti la soda akawa meneja wa kampeni ya Mukimo bila kuombwa.

“Muthokoi ni mahindi yaliyovuliwa nguo!” alitangaza. “Nyinyi mtachagua kiongozi uchi?”

Syombua, anayeuza makaa mkabala naye, hakukubali. “Na mukimo je? Kila kitu kimepondwa pamoja, hujui huyu ni nani na yule ni nani. Hiyo si serikali, huo ni mseto!”

Chapati ilishinda kwa mbali. Sella aliifungua ndoo mbele ya wote na kuhesabu kwa sauti. Karatasi zenye alama mbili aliziweka kando, akaeleza kwa nini zimekataliwa. Syombua alilala? Hakulala. Hadi leo anadai muthokoi iliibiwa, na akikutana na Nduta sokoni wanaanza upya.

Sella akaondoka Kawangware kifua mbele. Wiki iliyofuata akalibeba boksi lake hadi Makina, katika uwanja wa nyumba ya Habuba Hayat.

Habuba ndilo neno la Wanubi la kumwita nyanya. Habuba Hayat amevuka miaka sabini na mitano, na kazi ya mikono yake ni kusuka kawa za kufunikia chakula, za rangi nyekundu, kijani na zambarau. Ukili anaupitisha bila miwani. Uwanja wake ndio kikao cha akina mama wa mtaa ule. Ukipita bila kuamkia utaitwa kwa jina la baba yako.

Siku hiyo, kabla mafunzo hayajaanza, Habuba alimvuta Sella pembeni.

“Binti yangu, mimi nimeenda kupiga kura tangu ujana wangu,” alimwambia. “Lakini sijawahi kupiga kura.”

Sella hakuelewa.

“Sijui kusoma. Zamani marehemu mzee wangu alikuwa anaingia na mimi, anatia alama, tunatoka. Alipokufa, Nasir mwanangu akachukua kazi hiyo. Ni watu wazuri, sisemi vibaya. Lakini mkono ulikuwa wao. Mimi nilikuwa mbeba kitambulisho tu. Sasa nataka mara moja, kabla Mola hajaniita, mkono uwe wangu.”

Sella akamweleza sheria inavyosema. Asiyeweza kusoma anaruhusiwa kuingia na msaidizi, lakini msaidizi huyo anachaguliwa na mpiga kura mwenyewe, anaapa kutunza siri, na siku hiyo humsaidia mtu mmoja tu. Asiye na msaidizi husaidiwa na msimamizi wa kituo mbele ya mawakala wa wagombea. Na asiyetaka msaada, hakuna anayeweza kumlazimisha kuupokea.

“Kwa hiyo naweza kukataa?” aliuliza Habuba.

“Unaweza.”

“Hata Nasir?”

“Hata Nasir.”

Habuba akatabasamu kama msichana aliyeruhusiwa kwenda harusini. Tangu hapo Sella akawa na mzigo moyoni: mwanamke huyu lazima apige kura yake.

Akina mama wakapanga foleni, wakaingia ndani ya boksi mmoja mmoja, wakatumbukiza karatasi. Sella akaifungua ndoo. Karatasi ya kwanza ilikuwa na alama nne. Ya pili, nne. Ya tatu vilevile. Uwanja mzima, Habuba akiwa wa kwanza, ulikuwa umechagua Mukimo na Muthokoi na Samaki na Chapati. Hakukuwa na kura hata moja nzima.

“Nilidhani wananichezea,” anasema Sella. “Nikawaambia, mama zangu, si nilisema kimoja? Wakaniangalia kana kwamba mimi ndiye nisiye na adabu.”

Aliyemfumbua macho ni Fatna, jirani wa Habuba. “Sella, sisi hapa sinia likiletwa, mgeni anaonja kila bakuli. Ukiruka moja, aliyelipika atanung’unika mpaka Idi. Wewe unatuletea vyakula vinne halafu unataka tutukane wapishi watatu?”

“Na huyo wa muthokoi,” aliongeza Habuba kwa huruma, “labda ametoka mbali.”

Sella alirudi Kianda na boksi lake, na safari hiyo lilikuwa zito. Alimhadithia Maurice yote. Maurice alicheka hadi akashika ukuta.

“Kosa ni lako,” akamwambia alipopata pumzi. “Umewapelekea sinia. Lakini usinitazame mimi, mimi ni nani? Wewe una boksi lako. Mimi hapa nimebaki mume wa pili.”

Jioni, wakati wa sala, Sella alipiga magoti kumwomba Mungu busara. Alikuwa katikati ya maombi yale maneno ya mumewe yalipomrudia. Mume wa pili! Ni mwanamke gani ana mume wa pili? Akaangua kicheko pale pale, mikono ikiwa imeunganishwa. Maurice akafumbua jicho moja, akauliza kama maombi yamekwisha.

“Yamejibiwa,” alisema Sella.

Jumamosi iliyofuata alirudi Makina na karatasi mpya alizochora kwa mkono wake. Vyakula vilikuwa vimeondoka. Wagombea sasa walikuwa wachumba wanne: Mwalimu, Dereva, Fundi na Mpishi.

“Huyu mwalimu mbona ana shingo ya twiga?” aliuliza Habuba.

“Mnisamehe, mimi nashona tu, kuchora sijui. Sasa nawauliza, mabibi. Mwanamke anaolewa na wanaume wangapi?”

“Mmoja!” uwanja ukajibu.

“Na akisema ndiyo kwa wawili?”

“Kadhi atazirai!” alipaza sauti Fatna, na vicheko vikavuka ua hadi barabarani.

“Basi kwenye kura ni hivyo hivyo. Waje wazuri, waje na zawadi, wewe unasema ndiyo kwa mmoja. Wengine hujawatukana. Hujaolewa nao tu.”

Safari hii ndoo ilipofunguliwa, kila karatasi ilikuwa na alama moja. Mpishi alishinda.

“Mimi nilimpa Mpishi,” alitangaza Habuba akijipepea kwa kawa. “Nimepika tangu nikiwa mtoto. Sasa na mimi nipikiwe.”

“Habuba! Kura ni siri!”

“Aa! Basi sijasema.”

Hiyo ndiyo asili ya wachumba, na ndiyo sababu mama wa mandazi kule Kianda huwatumia salamu.

Mapema mwaka huu ukatangazwa uchaguzi mdogo wa mwakilishi wa wadi. Sella akaomba kazi ya ukarani, na safari hii, akiwa na cheti chake, akaitwa. Siku ya kuapishwa alivaa nguo ya kanisani, ile ile ya siku aliyokosa jina, ameitanua kiunoni mara mbili kwa cherehani yake mwenyewe.

Mafunzo yalikuwa makali. Karani huwaelekeza wapiga kura na kujibu maswali yao kuhusu utaratibu, wala asimkaribie mtu aliye ndani ya kibanda cha kura. Hatazami karatasi iliyotiwa alama. Hasemi neno wala kuonyesha dalili inayoweza kumwelekeza mtu kwa mgombea fulani. Anayevunja kiapo anaweza kufikishwa mahakamani.

“Mimi ni mtu wa kushika watu mikono,” anasema Sella. “Nilijua kiapo kile kitanibana mahali. Nikaomba, Mungu, kama ni kunibana, kinibane taratibu.”

Akapangiwa kituo cha shule moja ya msingi, kituo alikosajiliwa Habuba Hayat. Kazi yake ilikuwa kulinda sanduku la kura na kuwapaka wapiga kura wino kidoleni. Msimamizi wa kituo alikuwa Bwana Lusweti, mtu wa maneno machache na miwani iliyoning’inia kifuani.

Yaliyotokea kituoni siku hiyo Sella hayasemi. Ukimuuliza, anaifunga midomo na kukuelekeza Makina. “Muulize mwenyewe. Kura ni yake, hadithi ni yake. Mimi nimekula kiapo.”

Habuba Hayat hajala kiapo chochote, na huihadithia kwa yeyote anayeketi.

Alifika katikati ya asubuhi, amejitanda nguo yake nzuri, Nasir akiwa amemshika mkono. Mezani, Bwana Lusweti alimuuliza kama atahitaji msaada.

“Nitaingia naye mimi, kama kawaida,” alisema Nasir, akitoa kitambulisho chake.

“Umeulizwa wewe?” alisema Habuba. “Mimi naingia peke yangu.”

Nasir alibaki na kitambulisho mkononi. Ni mtu mzima mwenye ndevu za mvi, lakini hapo, anasema mama yake, alikuwa na sura ya mtoto aliyenyang’anywa kijiko.

“Mama, kwani nilikukosea?”

“Hukunikosea, mwanangu. Ulinibeba. Leo nataka kutembea.”

Akapewa karatasi yake, akaingia kibandani. Foleni ikasogea hatua, ikasimama. Kijana mmoja mlangoni akauliza kama shosho amelala huko ndani. Mara sauti ikatoka ndani ya kibanda, sauti iliyozoea kuita watu kutoka upande wa pili wa barabara.

“Sella! We Sella! Hawa mbona ni wengi? Si tulisema wachumba ni wanne?”

Karatasi ya mazoezi ilikuwa na wanne. Karatasi ya kura ilikuwa na wagombea tisa.

Mawakala waliinuka vitini. Wengine walikuwa wanacheka, wengine hawakujua kama wacheke. Hapa ndipo Sella hukubali kuongeza neno moja, kwa kuwa, anasema, linahusu mwili wake na si kura ya mtu.

“La mguu wangu naweza kulisema. Mguu ulikuwa umeinuka. Ulikuwa tayari njiani kumwendea. Nikaurudisha chini kama mtu anayerudisha ng’ombe. Nikasema moyoni, Yesu nishike, maana mimi nikimshika, nimempokonya kura yake.”

Akamgeukia msimamizi wake. Bwana Lusweti akavaa miwani, akasimama pale alipokuwa, akasema kwa sauti ya kusikika na wote: “Mama, wawe wanne, wawe tisa, alama ni moja.”

“Na mume ni mmoja!” ilijibu sauti kutoka kibandani. “Hilo najua! Nilitaka tu kujua hawa watano wametoka wapi.”

Kituo kizima kikaangua kicheko, mawakala wa pande zote pamoja. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, anasema Habuba, walionekana kama watu wa mtaa mmoja.

Hatimaye akatoka, karatasi mkononi, imefunguka kama leso. Akamwendea Sella moja kwa moja pale penye sanduku, uso unang’aa.

“Tazama, binti yangu, kama nimeweka sawa.”

Sella akafumba macho. Hakuyafumba tu, aliyafunika kwa viganja vyote viwili, akageuza uso ukutani.

“Ikunje, Habuba! Ikunje! Sioni!”

“Lakini wewe ndiye mwalimu wangu!”

“Leo mimi si mwalimu! Ikunje!”

Habuba aliikunja mara nyingi hadi ikawa ndogo kama sambusa, akaitumbukiza. Ndipo Sella alipofumbua macho na kumpaka wino. Wanawake wale wawili walitazamana juu ya kidole kimoja.

Kwa Habuba shughuli ilikuwa imekwisha. Kwa Sella ilikuwa ndiyo imeanza, na hofu hiyo, kwa kuwa ni yake mwenyewe, huihadithia. Mbele yake palikuwa na sanduku lililofungwa, na ndani yake karatasi moja iliyokunjwa kama sambusa ambayo hakuwa ameiona. Je, ilikuwa na alama moja? Au Habuba, kwa kuona watu tisa usoni mwake, aliwahurumia wote kama alivyomhurumia aliyetoka mbali na muthokoi wake? Kama ilikuwa imeharibika, basi mkono ule uliosubiri maisha yote ungekuwa umenyooshwa bure.

Alikaa na swali hilo hadi jioni, akipaka vidole wino.

Kituo kilipofungwa, taa zikawashwa darasani na sanduku likafunguliwa mbele ya mawakala. Bwana Lusweti aliinua karatasi moja moja, akaisoma, akaionyesha kila upande, ikawekwa kwenye fungu lake. Kila alipoinua karatasi yenye mikunjo, Sella alinyoosha shingo. Mikunjo ilikuwa mingi. Makina hukunja vizuri. Hakujua ipi ni ipi, na hilo ndilo kusudi la sheria.

Ukafika wakati wa kutangaza. Kura za kila mgombea zikasomwa. Kisha Bwana Lusweti akashusha kidole hadi mstari wa kura zilizokataliwa, akatazama, akatazama tena, akavua miwani.

“Kura zilizokataliwa,” alisema, “hakuna.”

“Hakuna?” aliuliza wakala mmoja.

“Sifuri. Hakuna hata moja.”

Sella aliomba ruhusa ya kwenda kunywa maji, akatoka nje kidogo. Hakunywa. Alisimama kando ya mtungi akalia machozi ya furaha, akasema ahsante kwa sauti ndogo, akarudi kuendelea na kazi.

Kesho yake alipita Makina kumwamkia Habuba. Nasir alikuwa ameketi karibu na mama yake, anakula alichopikiwa, na habari zilikuwa zimefika kabla ya Sella. Matokeo yalikuwa yametangazwa hadharani na kila mtu aliyajua.

“Nasikia hakuna iliyoharibika,” alisema Habuba bila kuinua macho kutoka kwenye kawa yake.

“Hakuna, Habuba. Ilitangazwa.”

“Basi ile sifuri ni yangu.”

“Na mimi je?” alidakia Fatna. “Mimi pia nilipiga moja. Sifuri ni yetu sote!”

“Wewe katafute yako kituo kingine. Hii ni yangu.”

Nasir alicheka hadi akapaliwa, na mama yake akampiga mgongoni. Kisha akainamia sikio la mama yake, akauliza, kwa heshima zote, alimpa nani.

“Nasir,” alisema Habuba, “kura ni siri.”

Leo Jumamosi boksi limefika salama. Akina mama wa Makina wanalisogeza kivulini, na Habuba Hayat ana kigoda chake kando ya mlango wa leso. Amejiteua mwenyewe kuwa msaidizi wa mwalimu. Binti mmoja aliyepata kitambulisho juzi anachungulia ndani akicheka.

“Usicheke na wachumba,” anamwambia Habuba. “Ingia. Mmoja tu. Ukitoka ikunje, maana hatutaki kuona.”

Sella amebadilisha karatasi zake. Siku hizi wachumba ni kumi na wawili, asije mtu akashtuka tena. Maurice ameshaanza kuchomelea fremu ya chuma ya kukunjika, ili mvua zikija boksi lipumzike. Amekataa kusema lini itakuwa tayari. Anasema mume wa pili hana haraka.

Mwenyewe Sella amerudi darasani jioni, safari hii kwa masomo ya kompyuta. Katika uchaguzi mkuu ujao anataka kuomba nafasi ya msimamizi wa kituo, kiti alichokalia Bwana Lusweti. Ameshamwambia Mungu, na ameshamwambia Habuba, na hajui ni yupi kati ya hao wawili anayemfuatilia zaidi.

“Nikiwa hai, nitakuja kituoni kwako,” anasema Habuba, vidole vikiendelea kusuka. “Nitakuja na kura yangu wazi kama bendera.”

“Karibu,” anasema Sella, akiinua kiganja kimoja hadi usoni. “Nitafumba macho.”